HADITHI INAPOPITA MIKONO MINGI, NANI MWENYE DHAMANA?

Ndugu msomaji, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), nataka leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidhani ni la watoto, nami naliona ni la wakubwa kabla ya kuwa la watoto. Jambo lenyewe ni hili: hadithi inapotoka kitabuni ikaingia katika filamu iliyochezwa na watu hai, kisha ikatoka katika filamu ile ikaingia katika katuni zinazoonyeshwa majumbani mwetu kila siku, ni nani anayebeba dhamana ya yale yaliyobadilika njiani?

Sikukusudia kufungua hapa mlango wa hukumu ya picha, yaani kama yafaa kuchora chenye roho au haifai. Hilo maulamaa wamelizungumza kwa upana, na kila mmoja ana hoja zake. Mimi nasema juu ya hali tuliyo nayo. Picha zimekwisha ingia ndani. Hapa Kanazi, katika Buhaya, mtu aliyetaka kutazama filamu zamani ilimbidi aende mjini Bukoba. Leo mtoto hukaa chini ya mgomba na simu ya baba yake mkononi, akatazama alichotazama mtoto wa Mombasa, wa Tanga na wa Unguja saa ile ile. Basi mas'ala haya ni yetu sote, wa bara na wa mwambao.

USO HUTOA USHAHIDI

Kwanza tufahamu kwa nini katuni huifuata filamu ya watu hai, wala si kwa bahati.

Sababu ya kwanza ni biashara. Mwenye filamu na mwenye katuni mara nyingi ni mtu mmoja, au ni kampuni moja. Filamu ikivuma, hutaka katuni ifanane nayo ili aliyeipenda ile ainunue na hii, na fulana, na madaftari, na viatu vyenye picha zake. Mfano mmoja wa wazi ni Batman. Filamu yake ya watu hai ilitoka mwaka 1989, na ya pili mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 1992 ikaanza katuni ya televisheni, na adui yake mmoja aitwaye Penguin akachorwa kwa umbo lile la kutisha alilopewa katika filamu ya pili, wala si kwa umbo la bwana mnene aliyevaa vizuri wa kwenye vitabu vya zamani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo imo ndani ya nafsi ya mwanadamu. Mchoro peke yake, hata mtoto mdogo anajua kwamba ni mchoro. Lakini uso wa mtu hai ni kama shahidi. Jicho likiona machozi ya kweli, hasira ya kweli na mkono wa kweli ulioshika upanga, moyo huwa mwepesi kusema: huyu yupo. Kisha mchoraji akiuchukua uso ule akautia katika mchoro wake, mchoro huazima ushahidi wa ule uso. Mtoto aliyeona filamu na kaka yake, akaja kuona katuni peke yake, haoni tena wino na rangi, bali anaona mtu anayemjua.

Na msimuliaji wa mdomo hakuwa na nguvu hii. Wahaya walikuwa na waimbaji wa enanga, zeze lile la kulala, waliosimulia habari za wafalme na mashujaa usiku kucha. Kila msikilizaji alimfanyia shujaa sura yake mwenyewe: huyu akamfananisha na mjomba wake, yule akamfananisha na jirani. Hadithi ilikuwa moja, na nyuso zilikuwa nyingi. Tena msimuliaji alikaa mbele ya wazee, na akipotoka wazee walimkatiza. Filamu hutoa uso mmoja kwa watu wote, na hakuna mzee wa kuikatiza.

MFANO WA NCHI ISIYOKUWEPO

Nakupa mfano unaotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1966 Wamarekani wawili, Stan Lee na Jack Kirby, walibuni katika kitabu cha picha mfalme Mwafrika aitwaye Black Panther, na nchi yake wakaiita Wakanda. Nchi hiyo haipo. Lakini filamu zilipokuja, ramani yao iliiweka upande huu wetu wa Afrika, jirani na Uganda, Kenya na Ethiopia. Filamu yenyewe ilitoka Februari 2018. Sehemu kubwa ilipigwa katika jimbo la Georgia, Marekani, na baadhi ya picha za kutoka angani zikapigwa Uganda, juu ya msitu wa Bwindi na milima ya Rwenzori. Milima hiyo si ya mbali na sisi wa Kagera. Katika waliocheza alikuwemo Lupita Nyong'o wa Kenya, na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala.

Sasa tazama jambo moja dogo lilivyokuwa kubwa. Katika filamu ya kabla yake, ya mwaka 2016, mfalme mzee wa Wakanda alichezwa na John Kani, mchezaji mashuhuri wa Afrika Kusini. Lugha ya mzee huyo ni Kixhosa, naye akaitia katika maneno ya mfalme. Basi lugha ya mtu mmoja aliyecheza ikawa lugha ya nchi nzima! Filamu ya 2018 ikaifuata, na nchi iliyochorwa pembezoni mwa maziwa yetu ikawa inazungumza lugha ya watu wa kusini kabisa mwa bara. Sisemi hili kwa kukidharau Kixhosa, maana ni lugha tukufu ya watu watukufu. Nasema ili uone jinsi mkono mmoja unavyoweza kugeuza hadithi, na mikono yote ya baadaye ikafuata.

Na ilifuata. Mwezi Septemba 2018, miezi saba tu baada ya filamu, katuni ya Avengers Assemble ilianza msimu wake wa tano, na msimu huo ukapewa jina la Black Panther. Agosti 2021 ikaja katuni ya What If...?, iliyojengwa moja kwa moja juu ya filamu zile, na ndani yake ikasikika sauti ya Chadwick Boseman, yule aliyemcheza mfalme, naye alikuwa amekwisha fariki Agosti 2020. Mtu yuko kaburini, na sauti yake inasema katika kinywa cha mchoro! Kisha Agosti 2025 ikatoka Eyes of Wakanda, katuni ya sehemu nne inayosimulia habari za kale za nchi hiyo. Fikiri, msomaji: nchi isiyokuwepo imekwisha pewa hata historia ya kale, na historia hiyo lazima iafikiane na filamu, kwani filamu ndiyo imekuwa asili.

Tuseme haki. Filamu ile iliwafurahisha watu weusi wengi duniani, kwa kuwa ilimwonyesha Mwafrika akiwa mfalme mwenye elimu na heshima, si mtumwa wala mshenzi. Kabila moja la milimani waliliita Jabari, jina ambalo sisi huwapa watoto wetu. Kheri hiyo hatuikatai. Muislamu hupima kwa mizani, na mizani ina sahani mbili.

Sahani ya pili ni hii. Watoto wa hapa wanajua kwamba Wakanda kuna madini ya ajabu yanayotengenezewa kila kitu. Lakini ukiwauliza habari za chuma cha Kemondo, hawana jibu. Na Kemondo si mbali na hapa. Huko na sehemu nyingine za Buhaya yalichimbuliwa mabaki ya matanuri ya chuma ya zamani sana, ya kiasi cha miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado na kumbukumbu ya kazi ile walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu wa kigeni, na mwaka 1978 wataalamu hao, Peter Schmidt na Donald Avery, wakaieleza dunia. Wazee wale walikuwa wakiingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, ili hewa ya mivuo ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa, na joto likapanda sana. Hii ni elimu ya kweli, ya babu zetu wa kweli. Haina filamu wala katuni, na kwa hiyo mtoto anaona fahari ya chuma kisichokuwepo, na hana habari na chuma kilichokuwepo chini ya miguu yake.

Lakini hasara hiyo ni ya kusahau, na dawa yake ni kufundisha. Iko hasara nyingine iliyo mbaya zaidi, ambayo ni ya kuzulia.

MFANO WA JINA LA MTU

Katika madrasa yetu alikuwepo mtoto aitwaye Jafari, amepewa jina la babu yake. Siku moja wenzake wakaanza kumcheka, wakamwita mchawi, wakamuuliza fimbo yake yenye kichwa cha nyoka ameiacha wapi. Mama yake akaja kwangu, akaniuliza kwa heshima: "Shehe, je, yafaa mtoto abadilishwe jina?" Nilipouliza chanzo, nikaambiwa ni katuni ya Aladdin.

Mwanamke yule alikuwa na haki ya kuuliza, wala sikumlaumu. Lakini hebu na tufanye kama walivyofanya wanavyuoni wetu wa hadithi za Mtume (s.a.w.). Wao wakiletewa habari, hawakutazama tu habari yenyewe. Waliuliza: umeipata kwa nani, naye aliipata kwa nani, mpaka wafike mwanzo. Huo ndio mnyororo uitwao sanad. Basi na sisi tuishike sanad ya mchawi huyu Jafar tuirudie nyuma, pete kwa pete.

Pete ya mwisho ni filamu ya watu hai ya mwaka 2019. Iliyo kabla yake ni katuni ya televisheni ya Aladdin, iliyoonyeshwa mwaka 1994 na 1995. Kabla yake ni filamu kubwa ya katuni ya mwaka 1992, iliyotengenezwa na kampuni ya Disney. Humo waziri mwovu, mrefu, mwembamba, mwenye kilemba na ndevu, anaitwa Jafar; yuko kijinyani mwizi aitwaye Abu; na yuko Sultani mzee anayependa kuchezea vinyago kama mtoto.

Je, wachoraji waliyapata haya katika hadithi ya Aladdin? La. Hadithi hiyo haimo katika nakala kongwe za Kiarabu za Alfu Lela Ulela. Mfaransa aitwaye Antoine Galland aliisikia mjini Paris mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, Mkristo wa Halab huko Shamu, akaichapisha kwa Kifaransa. Na ndani yake mwovu ni mchawi wa Maghribi, asiyeitwa Jafar, na mambo yanatokea katika nchi ya Uchina.

Basi jina lilitoka wapi? Lilitoka katika filamu ya watu hai. Mwaka 1940 ilitoka filamu iitwayo The Thief of Bagdad, iliyosimamiwa na Alexander Korda. Humo yuko waziri mchawi aitwaye Jaffar, aliyechezwa na Mjerumani Conrad Veidt kwa macho makali na mavazi meusi. Yuko kijana mwizi aitwaye Abu, aliyechezwa na Sabu, mzaliwa wa India. Na yuko Sultani mzee mwenye wazimu wa vinyago. Haya ndiyo waliyoyachukua wachoraji wa 1992. Mtoto Abu wakamgeuza nyani, na Jaffar wakambakisha kuwa Jafar. Uso wa Mjerumani mmoja, uliopigwa picha wakati wa vita vya pili vya dunia, ukawa ushahidi juu ya jina la Kiislamu miaka hamsini na miwili baadaye.

Na watu wa 1940 walilipata wapi? Hapa ndipo penye uchungu. Jafar waziri wa Baghdad alikuwa mtu wa kweli. Ni Jafar bin Yahya, wa ukoo wa Barmaki, waziri wa Harun al-Rashid. Katika Alfu Lela Ulela yeye ndiye anayefuatana na Khalifa usiku, wamejibadilisha mavazi, wakitembea mitaani kusikiliza raia wanasema nini. Humo si mchawi wala si mwovu. Mara nyingine ndiye anayetetemeka, kwa kuwa Khalifa ametishia kumwua asipoleta jibu la fumbo. Na katika historia, Harun aliamuru auawe, na akauawa, mwaka 187 wa Hijra, sawa na 803. Basi aliyedhulumiwa amegeuzwa dhalimu. Aliyeuawa na mfalme amesingiziwa kutaka kumwua mfalme na kumnyang'anya binti yake.

Mimi sisemi kwamba Jafar al-Barmaki alikuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa dola, na watu wa dola hesabu yao iko kwa Mola wao. Nasema kwamba ni binadamu, na binadamu ana heshima yake hai na maiti. Aliye hai akisingiziwa anaweza kwenda kwa kadhi. Maiti hana ulimi. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alitukataza kuwatukana waliokufa.

HUENDA UKASEMA

Huenda mtu akasema: "Shehe, huu ni mchezo tu. Kila mtu anajua kuwa ni uongo." Namjibu: wewe unajua, kwa sababu una miaka arobaini. Mtoto wa miaka sita hana chombo cha kupimia. Na hata mkubwa, moyo wake haungoji kuulizwa kama jambo ni kweli ndipo ulihifadhi. Jaribu wewe mwenyewe: mtaje Jafar, kisha utazame ni sura gani imekujia kwanza. Ikiwa imekuja ya yule mwenye fimbo ya nyoka, basi mchezo umekwisha fanya kazi.

Mwingine huenda akasema: "Hadithi tangu zamani hubadilika. Hao wa Alfu Lela Ulela nao walimchukua waziri wa kweli wakamtia katika visa vya kubuni. Na waimbaji wa enanga nao huongeza chumvi." Hoja hii ni nzuri, na haifai kuipita mbio. Ni kweli, hadithi hubadilika, na kubadilika kwenyewe si dhambi. Mpishi wa pilau wa Lamu na wa Bagamoyo hawatii viungo sawa, na zote ni pilau. Lakini yako mabadiliko ya viungo, na yako ya kutia kitu kisicholika. Waliomtia Jafar katika visa vya usiku walimzulia safari na mazungumzo, hawakumzulia uovu. Anayemwongezea mtu kisa amecheza naye. Anayemwongezea uovu amemla nyama yake.

Wa tatu atasema: "Lakini ni nani wa kulaumiwa? Mchoraji wa 1992 aliikuta tayari katika filamu ya 1940. Mchoraji wa 1994 aliikuta katika filamu ya 1992. Kila mmoja alifuata aliyemtangulia." Hapa ndipo penye swali letu la mwanzo, na jibu langu ni hili: kufuata hakumtoi mtu katika dhamana. Katika elimu ya hadithi, mpokezi hawezi kusema, "Mimi nilipokea tu." Aliyepokea habari mbovu akaipitisha bila kuichunguza amehesabiwa pamoja na aliyeizua, kila mmoja kwa kadiri yake. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na katika sura hiyo hiyo tumekatazwa kuitana kwa majina ya kudhalilisha. Amri zile zimewekwa pamoja, na kisa cha mtoto wetu Jafari kinatuonyesha jinsi zinavyoshikana: habari haikuchunguzwa, na mtoto akapata jina baya.

Tena isidhaniwe kwamba watengenezaji hawawezi kusikia. Filamu ile ya 1992 ilikuwa na wimbo wa mwanzo uliowatukana Waarabu kwa maneno ya ukatili. Waarabu wa Marekani wakalalamika kwa njia ya jumuiya yao, na mwaka 1993, ilipotolewa kanda ya kutazama nyumbani, maneno yale yakabadilishwa. Likabaki neno moja la kuiita nchi yao ya kishenzi, na hilo nalo likaja kuondolewa katika filamu ya 2019. Miaka ishirini na sita kwa mistari michache! Lakini liliondoka, kwa sababu kuna watu waliosema. Aliyenyamaza hakuondoa hata herufi.

PETE YA MWISHO NI WEWE

Sasa, ndugu msomaji, mnyororo huu hauishii kwa mchoraji. Kati ya katuni na moyo wa mtoto ipo pete moja zaidi, nayo ni mzazi. Mtengenezaji yuko ng'ambo, wewe uko sebuleni. Yeye hamjui mwanao, wewe umemzaa. Dhamana ya mwisho ni yako, na mimi naigawa katika mambo matatu.

La kwanza, keti na mtoto walau mara moja utazame anachokitazama. Si kwa kumfokea, bali umuulize: "Mwanangu, huyu umemjua wapi? Hadithi hii wameitoa wapi?" Mtoto akizoea kuuliza sanad ya katuni, kesho atauliza sanad ya uvumi wa mitaani, na ya maneno ya simu, na ya siasa. Utakuwa umempa silaha kwa umri wake wote.

La pili, mpe sura nyingine ya jina. Katika madrasa yetu hatukubadilisha jina la mtoto. Tuliwakalisha wote tukawasomesha habari za Jafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume (s.a.w.), aliyewaongoza Waislamu waliokimbilia Habasha, katika bara hili hili letu la Afrika, akasimama mbele ya mfalme Najashi akawatetea kwa hoja na adabu, mfalme asiwarudishe kwa maadui zao. Baadaye, mwaka wa 8 wa Hijra, alishika bendera ya Waislamu katika vita vya Muta. Mkono wa kulia ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto. Wa kushoto ukakatwa, akaikumbatia kwa mabega mpaka akafa shahidi, na kwa hiyo akaitwa Mwenye Mbawa Mbili. Tukawasomesha pia habari za Imam Jafar al-Sadiq wa Madina, aliyefariki mwaka 148 wa Hijra, ambaye Imam Malik alichukua elimu kwake. Na yule waziri wa Baghdad tukawaeleza kifo chake. Hatukuwa na picha hata moja, tulitumia maneno tu, na kila mtoto akajichorea mwenyewe. Baada ya siku chache nikawasikia wanagombea uwanjani, nani awe Jafar.

La tatu, tusibaki watazamaji tu. Hadithi tunazo na wachoraji tunao. Mtindo wa michoro aliouanzisha Edward Said Tingatinga pale Dar es Salaam, kabla ya kufa kwake mwaka 1972, ulitumiwa katika katuni ya Tinga Tinga Tales iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Na hapa Tanzania, tangu mwaka 2014, katuni za Ubongo Kids zinawafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kumbe yawezekana! Kijana wako akipenda kuchora, usimwambie anapoteza wakati kabla hujamuuliza anachora nini na kwa nia gani. Pengine ndiye atakayewaonyesha wajukuu zetu tanuri la Kemondo, au jahazi la Pate, kabla mgeni hajayachora kwa kubahatisha.

Na iwapo Mwenyezi Mungu atamjaalia kalamu, mpe masharti matatu ya msimuliaji mwaminifu. Ajue alikoitoa hadithi yake, wala asiridhike na filamu ya jana. Asimzulie uovu mtu wa kweli aliyekufa, wala watu wazima wa nchi au dini fulani. Na akibuni, abuni waziwazi, amwambie msikilizaji wake kwamba hapa ndipo nilipoanza kubuni.

Ndugu yangu, wakati wetu huu picha zinakwenda mbio kuliko wazee wanavyoweza kuzikatiza. Hatuwezi kuzizuia zisije. Lakini Mwenyezi Mungu hatatuuliza habari za kila picha iliyopita angani. Atatuuliza juu ya nyumba zetu, na majina tuliyowapa watoto wetu, na kama tulipowapa majina hayo tuliwapa pamoja nayo habari zake za kweli.

Mola atujaalie tuwe katika wanaosikiliza neno wakafuata lililo jema lake, na atuhifadhie watoto wetu macho yao na nyoyo zao. Wabillahi tawfiq.